Mchungaji Amekonda: Fundi Anayehamisha Shimo la Sita

Saa mbili asubuhi, jua la Februari bado halijaamua kama leo litatoka, Dod Lumsden amepiga magoti kwenye baridi kama mtu aliyedondosha sindano. Hatafuti kitu. Anapapasa Tumbo la Mchungaji.

Ni kilima kidogo kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kitundu cha mpira, ya shimo la sita, uwanja wa gofu wa Skarrie, pwani ya mashariki ya Uskoti. Kilipewa jina hilo kwa heshima ya mchungaji mmoja wa kanisa aliyependa kula. Mpira ukikigusa huteleza kushoto, mchezaji akabaki ameshika kiuno. Imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia.

Sasa bahari imeila grini hiyo, mita tisa kwa miaka mitatu. Dod, miaka hamsini na nane, mtunza nyasi na dereva wa katapila, amepewa kazi ya kuijenga upya mita sitini kutoka ufukweni, ifanane na ile ya zamani. Aprili wanachama watapiga kura. Wakiikataa, shimo la sita linafutwa na Skarrie inabaki na mashimo kumi na saba, kama mdomo uliong'oka jino la mbele.

"Mtaalamu alikuja na mashine, akapima mpaka milimita," anasema Dod. "Nikafuata karatasi yake. Nikajiona nimemaliza."

Jumatatu akafika Netta Geddes, miaka themanini na moja, anayecheza hapa tangu akiwa na miaka tisa. Akausukuma mpira. Ukapanda kilima, ukashuka, ukaingia kitunduni.

Mwingine angeshangilia. Yeye alikunja uso.

"We Dod, umemfanya nini mchungaji wangu? Amekonda."

"Bi Netta, vipimo ni vilevile."

"Basi vipimo vina njaa. Miaka sabini na miwili mpira wangu haujaingia hapo, leo uingie kwa kunionea huruma?"

Dod alicheka, kisha akaacha kucheka. Akakumbuka kuwa mashine ilipima baada ya dhoruba, ubavu mmoja wa mchungaji ukiwa umeshachukuliwa na maji. Alikuwa amejenga nakala safi ya mgonjwa.

Siku nne sasa, katapila limeegeshwa. Anainua mabamba ya nyasi kwa mikono, anaongeza mchanga chini yake, anayarudisha, anapapasa. Toroli nne zimeingia. Ya tano aliimwaga, akaizoa yote tena.

"Ya tano ilikuwa uroho," anasema.

Bi Netta anafika, koti hadi magotini. Haamkii mtu. Anapiga. Mpira unapanda, unasita, unateleza kushoto na kwenda zake. Bibi anatamka neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapisha.

"Ndiye?" anauliza Dod.

"Ndiye. Na hajaokoka bado."

Kuhusu kura ya Aprili, Dod hataki kujipa moyo mapema. Ana ombi moja tu.

"Waje wacheze, wakose," anasema, akijipangusa mchanga magotini. "Wakimlaumu mchungaji, nimeshinda. Wakinilaumu mimi, ujue bado sijamaliza."