Nilimwandika Mtani wa Baba Mdogo Kuwa Adui Namba Moja

Kosa ni langu. Sitaki mtu anitetee, wala msiniambie eti "ulikuwa hujui". Nilijua! Nimeamua kulisemea hapa kwa sababu nyumbani kila nikifungua mdomo baba mdogo ananikata: "Yameisha, mwanangu." Na mimi naona kabisa hayajaisha.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nakaa Makole. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake, Mgogo wa Gulwe aliyehamia Dodoma mjini akafungua kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, barabara ya kwenda Msalato. Mashine mbili, ua wa kupangia magunia, kibao cha kuchora kwa mkono. Mafuta ya pale ndiyo yaliyonisomesha mpaka nikaingia chuo kikuu kuchukua shahada ya pili ya biashara.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda kingine cha alizeti, cha Mzee Maganga. Jina nimebadilisha. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na mnajua wenyewe Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Jamani, wale wazee walivyokuwa wanatukanana! Hata chai hawajanywa, Mzee Maganga anapaza sauti: "We Mgogo, mwaka huu nakufunga! Hizo mashine zako nazinunua kwa kilo, nimpelekee mtu wa chuma chakavu!" Baba mdogo anamjibu: "Njoo uzibebe kichwani, si ndiyo kazi ya babu zako wapagazi!" Wanacheka mpaka wakulima waliokuja na magunia yao nao wanacheka.

Lakini kazi walifanya pamoja. Kabla ya mavuno walikodi lori moja, Fuso, wakazunguka vijijini kuongea na wakulima, wakawapa bei moja. Foleni ikijaa huku, mkulima anaelekezwa kule. Shafti ya mashine ikilika, huyu anaazima kwa yule. Mkataba hawakuwa nao, hata wa karatasi ya daftari.

Sasa chuoni mwalimu akatupa kazi. Chagua biashara halisi, uchambue inabanwa na nani: washindani uliokwisha kuwa nao, wapya wanaoweza kuingia, wanaokuuzia malighafi, wateja, na bidhaa nyingine inayoweza kuchukua nafasi ya yako. Somo zuri tu, silaumu somo. Nijilaumu mimi! Nilikuwa na haraka na nilitaka kuonekana. Vijijini sikwenda, nikajiambia jua kali, vumbi, nitapata wapi muda. Nikakaa ofisini kwa baba mdogo na laptop yangu, nikatazama dirishani. Nikamwona nani? Mzee Maganga.

Kurasa kumi na moja niliandika juu yake. Hata matusi ya asubuhi niliyatia: "Mshindani ametamka wazi nia ya kununua mashine zetu." Nilijua ni utani! Nimekulia humo humo, nikitoka shule yule mzee alikuwa ananiita mke wake na kuniulizia mahari. Ila kwenye karatasi neno lile lilikaa vizuri, nikaliacha. Wakulima niliwapa aya moja: ni wengi, wametawanyika, hawana nguvu. Mafuta ya kula ya kutoka nje, aya moja nyingine. Mwalimu akanipa A, akaisifia darasani. Nilivimba, acheni tu.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Wapi! Nikaipeleka nyumbani.

Baba mdogo alivaa miwani, akawa anafungua kurasa moja moja. Niliandika kwa Kiingereza na yeye Kiingereza hakijui, lakini alifungua zote, kwa heshima. Nikamweleza kwamba hatari yetu kubwa iko ng'ambo ya barabara.

"Maganga?" akauliza. "Huyu si mtani wangu?"

"Baba, biashara haina utani."

Akavua miwani. Halafu akasema, "Haya. Wewe ndiye msomi." Msimu ule akaniachia mimi ofisi.

Mavuno yakafika. Siku moja mchana Mzee Maganga akavuka barabara, mikono imejaa grisi, anacheka toka mbali. Shafti yake imekatika, ua umejaa wakulima. "Mke wangu, hebu nipe ile shafti ya akiba kabla sijamwambia babako Mgogo kwamba..." Sikumwacha amalize. Nikamwambia hatuna. Shafti ilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, imepakwa mafuta, inang'aa. Aliiona. Akadhani namtania, akacheka zaidi: "Mgogo kakufundisha uchoyo!" Nami, mjinga mimi, nikakaza uso: "Mzee, sera ya kampuni imebadilika."

Sera ya kampuni! Kiwanda cha mashine mbili!

Kicheko kikamwisha. Akatazama kwa ndani, baba mdogo alikuwa amekaa kwenye gunia, kichwa chini. Mzee Maganga akafuta mikono kwenye suruali, akasema "sawa, asanteni," akarudi kwake.

Wakulima wake walikaa siku nne wakisubiri shafti nyingine itoke Dar. Wengine wakabeba alizeti yao wakaondoka kwa hasira. Msimu uliofuata yeye akakodi gari lake, sisi letu. Akipandisha bei kijiji hiki, sisi tunapandisha kijiji kile. Tulishindana mpaka kila mtu akawa hoi. Nikajiambia tunashinda.

Hapo ndipo akaingia mnunuzi mkubwa kutoka mbali, simtaji. Malori, mizani yake, fedha mkononi, ananunua alizeti shambani kabla haijapigwa. Wale wakulima wangu wa aya moja wakamuuzia yeye, na mimi nani niwalaumu? Zamani walikuwa wanawasubiri wale wazee wawili kwa sababu waliwazoea wakija pamoja. Sisi tuliwafundisha kwamba wa bei kubwa ndiye ndugu. Na madukani mafuta ya nje yakashuka bei. Nikawa nasimama uani mwezi wa sita, msimu umekolea, na hakuna hata gunia la kukamua. Nilikuwa nasikia njiwa juu ya bati.

Cha ajabu, kila kitu kilikuwemo kwenye ile kazi yangu. Niliviandika kwa mkono wangu, nikavipa aya moja moja.

Kiwanda tumefunga. Mzee Maganga naye amefunga, ua wake wanaweka saruji, ila wazee wote wawili bado wanashinda pale pale, kila mmoja upande wake. Mwaka jana bibi, mama yake baba mdogo, alifariki, tukamzika Gulwe. Watani walipaswa kutufanyia vituko vyao. Babu alipozikwa, Mzee Maganga aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na waliokuwa wanalia walicheka. Safari hii alikuja na koti, akampa baba mdogo mkono, akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Akaenda kukaa na wageni. Baba mdogo msiba wote hakulia. Alilia pale.

Baadaye nilimfuata Mzee Maganga kwake. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akanipa kiti, akaniagizia soda. Nikamweleza yote, mpaka ile rafu. Akasema, "Hujakosea wewe. Umefanya ulichosomeshwa." Ee Mungu wangu! Afadhali angenizaba kofi.

Nikamwambia, "Basi nitukane, mzee. Mtukane na baba mdogo, kama zamani."

Akatabasamu kidogo tu. "Utani hauombwi, binti yangu."

Nifanye nini sasa? Kweli sijui. Mashine nimejaribu kutafuta mkopo niziwashe, lakini niziwashe nikamue nini? Nimemwomba baba mdogo avuke barabara, anasema miguu inauma. Mita thelathini.

Nyie mnaosoma, nyie mnaopeleka elimu nyumbani kwa wazee wenu, nawasihi: kabla hujaandika nani adui wa biashara ya mzazi wako, funga laptop uende. Panda hilo Fuso, ule vumbi, umuulize mkulima kwa nini anakuja kwenu. Muulize mzee wako nani alimsaidia mara ya mwisho mashine ilipokufa. Na akikujibu jina la mtu wa ng'ambo ya barabara, chana hiyo karatasi hata kama umeshapewa A.