Tatizo la Dakika Nne na Nusu

Mwalimu wa uraia, ambaye shule nzima inamwita Kipenga kwa sababu hata akicheka utadhani mechi inaanza, alikuwa na wiki moja tu. Ijumaa mkaguzi angekuja kuona mradi wa jamii, na ukimpendeza, Kipenga angekuwa makamu wa mkuu wa shule. Kiti chenyewe alishakikalia mara mbili, ofisi ikiwa tupu.

Kila mwaka vijana wake walichagua kupanda miti. Mashimo yale yale, kila mwaka. Safari hii mkaguzi aliandika barua fupi: "Miti sasa basi."

"Sikilizeni," Kipenga aliwaambia vijana tisa wa kikundi. "Tatizo zuri mnalifikia kwa miguu ndani ya dakika tano. Mnalinusa wenyewe, si la kusoma vitabuni. Na lina mwenyewe, mtu wa kuongea naye."

"Kulinusa kabisa, Mwalimu?"

"Kabisa! Pua mmepewa za nini?"

Akapuliza kipenga, wakatawanyika na madaftari. Yeye akabaki anachagua tai ya Ijumaa kichwani.

Walirudi wakisukumana viwiko. Kiongozi wao, binti mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasimama.

"Tumepata. Bomba la maji machafu limepasuka, linamwaga uchochoroni. Watoto wa chekechea wanaruka dimbwi kila asubuhi. Dakika nne na nusu."

"Safi sana! Na harufu?"

"Ilitupokea kwenye kona."

"Sasa mwenye bomba ni mzembe gani huyo? Mwandikeni kwa herufi kubwa!"

Binti akaangalia viatu vyake. Nyuma, mtu akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Geti la bluu, Mwalimu. Lenye kengele ya baiskeli."

Kipenga alilijua vizuri sana geti hilo. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake.

"Hebu tuifikirie tena miti," alisema kwa sauti ndogo.

"Tumeshapiga kura. Tisa kwa sifuri."

Jioni ile ile alitoka na jembe na kipande cha mpira. Mkewe akashika kiuno mlangoni.

"Miaka miwili naimba bomba, baba watoto, unaniambia fundi amesafiri. Kumbe fundi nalala naye!"

"Mkaguzi anakuja, mama, niache."

Hajainua jembe, sauti ikatoka getini: "Mwalimu, usiguse! Hatujapiga picha ya kabla!" Alikuwa yule binti, na simu mkononi. "Si ulisema mwenyewe, mradi bila picha ya kabla hauna alama?"

Kweli, alikuwa amesema. Akasimama kando ya dimbwi, akapigwa picha, ndipo akachimba.

Ijumaa bomba lilikuwa zima, uchochoro mkavu. Ukutani picha ilining'inia, chini yake: MWENYE BOMBA. Mkaguzi akaisoma, akamtazama Kipenga na tai yake, akawageukia vijana.

"Huyu mwenye bomba alikuwa msikivu?"

"Baadaye," binti akajibu. "Mwanzoni alitaka tupande miti."

Mkaguzi alicheka mpaka akafuta macho. Kikundi kilipata alama zote. Kiti cha makamu alipewa mwalimu wa hesabu, ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika ishirini na tano.