Kompyuta ya Maman Françoise na Kiti cha Benoît

Siku Maman Françoise alipoaga kazi, mwajiri wake Benoît hakukasirika. Alisogeza tu kiti alichokuwa akikalia mama huyo hadi ukutani na kutangaza mbele ya wateja kwamba hakuna atakayekikalia, kwa sababu mwenyewe angerudi kabla ya mwezi kwisha.

“Utarudiya, Maman Françoise. Machine haiko sombe.”

“Hata majani ya sombe, Papa Benoît, kama hauijue kupika, inakuuma tumbo.”

Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewachapia wanafunzi wa chuo kikuu mémoires zao, yaani tasnifu za kumalizia masomo, katika kijumba kile cha Benoît cha kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta ilipogoma, na iligoma kila mwezi, hakuruhusiwa kuigusa. Aliitwa fundi, akafungua boksi, akapuliza vumbi kwa mdomo, akafunga, akalipwa. Siku Maman Françoise alipokaza macho na kuona kwamba fundi hakufanya jambo jingine lolote zaidi ya kupuliza, alipandwa na hasira iliyomkosesha usingizi. Siku hiyo ndiyo aliyoacha kazi moyoni. Mwilini aliacha mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa alitaka kwanza kujua anakoelekea.

Alikuwa anaelekea kuunda kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande, nyumbani kwake, mtaa wa Nguba, Bukavu. Alinunua daftari la shule na kuandika humo sheria moja: hakuna kinachonunuliwa kabla hakijakubaliana na kilichotangulia.

Kilichotangulia kilikuwa carte mère, yaani ubao ambao vyote vingine huchomekwa juu yake. Aliupata kwa Dany, kijana muuza vifaa vilivyotumika, na kwenye ubao huo palikuwa pameandikwa 1150. Juma lililofuata Dany akamletea processeur, ule ubongo wa mashine, ikiwa imefungwa vizuri kwenye sifongo. Maman Françoise alivaa miwani akasoma. Ilikuwa ya 1155.

“Maman, kati ya mille cent cinquante na mille cent cinquante-cinq, différence ni tano tu!”

“Kati ya miye na bibi yako, mwana wangu, différence ni mutu moja tu. Leo utalala kwa nani?”

Dany aliirudisha sifongoni. Ile iliyofaa ilipatikana baada ya majuma matatu.

Kwa upande wa kumbukumbu, alijifunza kwamba vijiti vyake vinafanana kama mapacha, ila kila aina ina pengo mahali pake. Akachukua boksi la sabuni, akakata karatasi ngumu yenye ukubwa wa nafasi iliyo kwenye ubao wake, pengo likiwa mahali pake kabisa, akawa anatembea nayo kwenye pochi. Kila kijiti alichoonyeshwa alikilaza juu ya karatasi. Wauzaji walimcheka, na mmoja akamwambia hapo si kwa fundi wa nguo. Alilaza kijiti chake, pengo likakataa, akaaga kwa heshima.

Boksi la kuwekea vyote lilitoka Bunyakiri, kwa kaka yake mwalimu. Lilikuwa halina kitu ndani isipokuwa kuku, aliyekuwa akiatamia humo tangu Pasaka. Kaka alisubiri vifaranga watoke ndipo akalituma, na manyoya mawili yalifika nalo Bukavu.

Diski, skrini na printa vilikuja bila ugomvi. Ikabaki alimentation, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Aliinunua ikiwa imetumika, akapima plagi zake dhidi ya ubao, zikakubali zote. Nyuma yake palikuwa na swichi ndogo nyekundu. Ukiisukuma upande mmoja inaonyesha volti 230, upande mwingine 115. Kwa vile hakutaka kubahatisha baada ya kufika mbali hivyo, alimwita jirani yake Papa Jacques, mtengeneza redio, aje na kipimo chake.

Papa Jacques alichomeka waya ukutani na kungoja.

“Cent dix-huit.”

“Na asubuyi?”

“Asubuyi nilipima kwangu, cent vingt-deux. Ku avenue yetu, tangu miaka tatu, haiyavuka cent trente.” Yaani mia moja ishirini na mbili asubuhi, na kamwe si zaidi ya mia moja na thelathini.

Kwenye karatasi za serikali umeme wa Bukavu ni volti mia mbili na ishirini. Lakini Maman Françoise hakuwa akichomeka mashine yake kwenye karatasi. Alifungua daftari, akatazama namba zote zilizomwongoza bila kumdanganya hata mara moja, akaona kwamba mia moja na kumi na nane ni jirani ya mia moja na kumi na tano. Papa Jacques naye aliona vivyo hivyo. Mama akaisukuma swichi upande wa 115.

Mashine iliwaka mara ya kwanza. Maman Françoise alilia, tena bila kujificha, na Papa Jacques akajifanya anakunja waya. Kisha mama akaketi juu ya bidoni la maji la lita ishirini, kwa kuwa kiti hakuwa nacho, akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Mteja wa kwanza alikuwa Cédric, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyeleta kurasa tisini na sita zilizoandikwa kwa mkono kuhusu migomba ya Kabare. Zilitakiwa chuoni kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo angengoja mwaka mzima. Cédric alisema wazi kwamba wenzake wanane walikuwa wanamtazama. Akiwahi, watakuja. Akichelewa, watarudi kwa Benoît. Maman Françoise alielewa vizuri kwamba na yeye angerudi nyuma yao, akakalie kile kiti cha ukutani huku akiambiwa “nilisema”.

Hadi Jumatano alasiri alikuwa amefika ukurasa wa sabini na moja.

Sasa, miaka mitatu kabla ya hapo, wakazi wa avenue ile walikuwa wameiandikia kampuni ya umeme barua ya malalamiko. Waliomba kwa unyenyekevu wote volti zao mia mbili na ishirini. Barua ilikuwa nzuri, isiyo na kosa hata moja, na aliyeichapa kwa Benoît, bila malipo, alikuwa Maman Françoise. Jibu halikuja, watu wakasahau. Jumatano hiyo, bila kumwambia mtu, mafundi wa umeme walifika na transfoma mpya kwenye lori, wakafanya kazi tangu asubuhi kando ya ile ya zamani, na saa tisa wakawasha.

Avenue nzima ilipiga vigelegele. Friji zilizokuwa kabati za nguo zilianza kuunguruma. Ndani ya kompyuta ya Maman Françoise kulisikika mlio mmoja, pa, kisha moshi ukatoka taratibu mahali manyoya ya kuku yalipokuwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, umeme ulikuwa umefika kama ulivyoombwa.

Papa Jacques aliingia mbio, kipimo mkononi kikisoma mia mbili ishirini na nne.

“Deux cent vingt-quatre, Maman! Deux cent…”

Akanusa.

“Ile bouton,” akasema polepole, akiitazama swichi nyekundu iliyobaki kwenye 115.

“Nimeona, Papa Jacques.”

Kurasa zilikuwa salama kwenye clé, yaani flash, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuhifadhi baada ya kila ukurasa. Mama alichomoa waya, akachukua bisibisi, akafungua. Alinusa ubao, akanusa kumbukumbu, akanusa diski. Harufu ilikuwa kwenye alimentation peke yake. Dany alikuwa amesafiri kwenda Kampala kununua bidhaa, na zile alizoonyeshwa kwingine jioni hiyo zilikuwa na plagi fupi, yenye meno ishirini badala ya ishirini na manne ambayo ubao wake ulitaka. Aliogopa, na hofu hiyo hakumficha Papa Jacques.

Alhamisi asubuhi alipanda hadi kwa Benoît.

Benoît alimwona mlangoni. Alisimama, akachukua kitambaa, akafuta kiti vumbi na kukirudisha mbele ya meza yake ya zamani.

“Nilisema,” akasema, tena kwa upole.

Maman Françoise aliketi. Akafungua pochi, akatoa bisibisi.

“Papa Benoît, zile machine mbili za chini ya meza, ba-technicien balisemaka nini?”

“Balisemaka zilikufa.”

“Basi nipe maiti moja. Nitakurudishia ingine ikiwa muzima.”

Akazivuta zote mbili kutoka chini ya meza, akazifungua. Alimentation ya kwanza, plagi yake ilikuwa na meno machache, akaiweka kando. Ya pili aliihesabu mara mbili: meno ishirini na manne. Akageuza nyuma kutafuta swichi nyekundu. Haikuwapo. Palikuwa pameandikwa tu 100–240, maana yake ni kwamba ilipokea umeme wowote, ule mwembamba na ule ulioombwa kwa barua. Ilikuwa imelala karibu na miguu yake kwa miaka sita.

Akaichomoa, akaitia kwenye kikapu na kusimama.

“Unaenda wapi?” Benoît akauliza. “Na kiti?”

“Kuna mutu mwenye anakikala?”

“Hapana. Nilikuwekea weye.”

“Aksanti sana, Papa Benoît. Kwangu kilikuwa kinanikosa.”

Akakiinua, akakigeuza miguu juu, akajitwika kichwani. Benoît alibaki na kitambaa mkononi hadi mama alipokwisha kupita kona.

Mchana huohuo mashine iliwaka tena, na Ijumaa saa tano asubuhi mémoire ya migomba ilikuwa chuoni. Alasiri wanne kati ya wale wanane wenzake Cédric walibisha mlangoni pale Nguba, na Maman Françoise aliwaambia waingie tu, kwa sababu yeye alikuwa ameshaketi kitini.