Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Kila nikicheza mbio za magari, skrini ya kompyuta iligeuka nyeusi, kisha ujumbe ukaja kwamba draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, imekwama. Nikaibeba kompyuta kutoka Gitothua hadi kwa fundi mmoja Thika. Fundi jina tu. Hata hajaiwasha, tayari ameshajua: "Ni draiva, bosi." Akafuta kila kitu, akaweka draiva nyingine kutoka kwa flashi iliyojaa uchafu. Pale kwake mchezo ulienda saa nzima. Kwangu ukakwama tena. Nilimrudia mara tatu, na kila safari nikimwona mjinga zaidi.

Mwishowe nikamwita nyumbani aje aaibike mbele yangu. Aliingia, akakiinua kutoka juu ya kompyuta kile kitambaa kizito cha sufu alichofuma mama, ndugu wa vile vya viti na televisheni, akagusa matundu ya hewa yaliyokuwa chini yake. Akaondoa mkono haraka.

"Bosi, kwani umeivalisha sweta?"

Mama alikileta mara moja tu. Kila nilipotoka Thika, ni mimi niliyekitandaza tena, nikakinyoosha pembe zote nne.