Kofia ya Kocha

Kocha wa timu ya wasichana ya Bweri ni fundi baiskeli, na grisi haimtoki kwenye kucha hata siku ya mashindano. Kabla ya kila mbio za baiskeli hupanga visoda vya chupa chini kuonyesha nani atakata upepo mbele na nani atajificha nyuma yake, kisha hurudia kwa sauti yake ya kukwaruza, "Kofia ikiwa kichwani, mngojeni Penina. Nikiivua, aliye mbele aende." Penina ndiye mwenye kasi ya kumalizia; kisoda cha kukata upepo ni cha binti yake siku zote.

Jumamosi, kwenye mlima wa mwisho kuingia Butiama, Penina aliishiwa pumzi akabaki nyuma kabisa. Binti aliongoza peke yake, miguu bado ina nguvu, macho kwa baba. Mwezi ujao anavuka umri wa mbio hizi. Mkono wa kocha ulipanda ukaishika kofia. Wazazi wa wasichana wengine walikuwa wamesimama ubavuni pake, wanamtazama. Akaikandamiza kichwani. Binti akaacha kukanyaga, akangoja, na wasichana wa Bunda wakampita wote.

Binti alipofika alimkabidhi baba yake baiskeli. "Si tunaangaliaga kofia, kocha," alisema.

Mpaka asubuhi ile alikuwa akimwita baba.