Odoyo Hakuuza Mechi

Shemeji yangu Odoyo, mdogo wake marehemu mume wangu, hakuuza mechi. Nayaandika haya kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu jina lake la ukoo ndilo la wanangu.

Mwaka 1994 viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikifunguliwa Mwanza, na kimoja kilimwajiri Odoyo kwa ajili ya miguu yake. Mchana alibeba barafu, jioni alikuwa beki wa mwisho wa timu ya kiwanda. Aliishi kwangu Pasiansi. Kabla ya hapo, tangu utotoni huko Shirati, alivuta kokoro, ule wavu mrefu unaozungushwa majini kisha watu wakauburuta hadi nchi kavu kwa kamba mbili.

Kocha wao, Chenge, alileta mchezo mpya: kuwakaba wapinzani palepale golini kwao, wasipumue.

"Vuteni kama kokoro!" aliwaambia. "Mawinga ndio kamba mbili. Mkibana wote pamoja, samaki hana pa kupita."

Mechi ya kwanza washambuliaji walibana vizuri, viungo wakapanda nyuma yao. Odoyo peke yake alirudi nyuma, hatua kwa hatua, akaacha uwazi mkubwa katikati. Mpira ukaangukia humo, mpinzani akageuka nao, goli. Dakika kumi baadaye, tena.

Kesho yake Kija, fundi baiskeli, aliniita mbele za watu.

"Shikamoo mwalimu. Mwambie shemeji atununulie soda za mauzo."

"Marahaba. Mauzo gani?"

"Si ameuza mechi! Beki gani anawakimbia wenzake kama kaona mamba?"

Wakacheka. Nilipita nimeinua kichwa, lakini nilijua neno lile linafanya nini. Mwaka uliotangulia golikipa mmoja aliyeitwa muuzaji alipigwa mawe mpaka akahama mji, na mama yake hakusalimiwa tena kanisani.

Jioni Odoyo hakugusa ugali. "Shemeji, naapa kwa kaburi la kaka. Sijui miguu inakwenda wapi."

Nikafungua kamba ya kuanikia nguo, nikampa. "Nionyeshe unavyovuta kokoro."

Akaishika, akaegemea, akaanza kutembea kinyumenyume hadi akagonga ua. Tukatazamana. Mvuta kokoro hurudi nyuma kadiri wavu unavyobana. Wenzake, watoto wa mjini, walisikia mfano tu. Yeye miguu yake ilitii.

Nilimfuata Chenge mwenyewe. Alijishika kichwa. "Mwalimu, kumbe nimemponza mimi." Akamwita Odoyo. "Wenzako wakibana, wewe panda mpaka mstari wa kati. Mshambuliaji wao akibaki nyuma yako, ameotea."

"Na asipootea? Nyuma yangu kuna nani?"

"Golikipa na Mungu."

Jumamosi nilisimama pembeni ya uwanja. Kina Kija walikuwa nyuma yangu, nikasikia mawe yakigongana mikononi mwao. Timu ilibana, Odoyo akapanda. Kila hatua aligeuka kutazama nusu nzima ya uwanja iliyobaki tupu. Hata mimi niliiogopa.

Dakika za mwisho, bila kwa bila, mpira mrefu ulipita juu ya kichwa chake. Mshambuliaji wao alikuwa amekwisha kumtangulia. Odoyo alisimama, mkono juu. Hakukimbia.

"Kimbia, msaliti!" Kija akapiga kelele.

Nikafumba macho. Mpira ukatikisa nyavu. Halafu filimbi, ndefu. Nilipofumbua, kibendera cha mwamuzi wa pembeni kilikuwa juu.

"Kaotea," mtu mmoja akasema. Mawe yakaanza kudondoka nyuma yangu, moja moja.

"Kumbe alijua," Kija alinong'ona.

"Alijua. Sasa waambie wote uliowaambia yale mengine."

Aliwaambia, neno lile halikurudiwa. Lakini Odoyo aliacha mpira msimu huohuo. Mpaka leo, akija kunisalimia, huvuta kiti hadi mgongo wake uguse ukuta, ndipo anakaa.