Moto wa Bibi Emiliana

Getruda alijifunzia kupatana bei sokoni Korogwe, lakini hakuna mlanguzi wa mahindi aliyewahi kumtoa jasho kama mama mkwe wake, Bibi Emiliana wa Kwedizinga.

Bibi alikuwa na kikohozi. Kilianza kama mafua, kikashuka kifuani, kikagoma kutoka. Zahanati walimwambia wazi: mama, toka kwenye moshi. Akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akachochea kuni. Juu ya mafiga yake kulikuwa na uchaga wa mahindi, meusi kwa masizi, na moto ule alikabidhiwa na mkwewe siku alipoolewa. Kwenye ukoo wao mwanamke hauzimi moto huo. Moshi ndio unaofukuza wadudu.

Ila dumuzi hajali ukoo wa mtu. Mdudu huyo aliingia kijijini Bibi akiwa mtu mzima tayari, na moshi kwake ni kama marashi. Kila mwaka mahindi yaligeuka vumbi, Bibi akasema kuni za siku hizi hazina nguvu, akaongeza nyingine.

Getruda akaja na mifuko minene ya kuhifadhia nafaka, ile inayofungwa hewa isiingie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Denis. Ndiyo sanda yangu hiyo?"

"Ya dumuzi, mama. Humu anakosa pumzi."

Jirani yao Shida, aliyekuja kuomba kaa la moto, akacheka. "Watu wa Ngombezi hao! Babu zao walikuja kukata mkonge. Watajuaje moto wa watu?"

"Babu alikuja na sufuria yake, dada Shida, na hatukulala njaa." Kisha Getruda akamgeukia mkwewe. "Uchaga wako siugusi. Nipe debe moja tu nijaribu."

Akapewa, kwa shingo upande.

Mvua zilipokaribia wakaufungua mfuko. Mahindi yalikuwa mazima, yanang'aa. Ya uchagani yalikuwa magunzi matupu. Getruda akasubiri kama anavyomsubiri mteja aliyekwisha kugusa mfuko wa suruali.

"Nilijua zamani," Bibi akasema taratibu. "Vumbi linanidondokea kichwani, nitakosaje kujua? Lakini moto huu ukizimwa, Mama Denis, mimi hapa nitakuwa nani? Nikae kama mgeni, nisubiri kuandaliwa?"

Getruda akaona kwamba muda wote alikuwa akipatania bidhaa nyingine kabisa.

"Nani kasema uzimwe?" akasema. "Tuuhamishie bandani nje, moshi uchukuliwe na upepo. Halafu mifuko hii mimi siiwezi. Nikifunga, hewa inapita. Inataka mkono uliotulia."

Uongo huo aliusema bila kupepesa macho. Bibi akanyoosha mkono.

"Lete kamba."

Sasa Bibi Emiliana anakaa bandani kando ya moto wake, na kikohozi humtembelea alfajiri tu, kikaondoka. Wanawake wanamletea mifuko awafungie. Shida ndiye mkali kuliko wote: mfuko usiofungwa na Bibi, anasema, lazima uliwe na dumuzi. Majuzi alifungua uliokuwa umefungwa na mke wa mwanawe, akaubeba kichwani mpaka kwa Bibi ufungwe upya.

Getruda, ambaye siku hizi anaiuza mifuko hiyo, angeweza kuwaambia kwamba mkono wowote unafaa. Alifungua mdomo siku hiyo, akamwona Bibi akikaza fundo, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika. Akaufunga wake, akamsogezea kamba.